Kulisha Maji

Jumatatu, 4 Aprili 2005
Asubuhi ya mawingu mazito, manyunyu tangu saa kumi na moja, baridi. Maziwa yamechelewa kufika kituoni kwa sababu ya matope. Nimepima madebe arobaini na matatu peke yangu kwa kuwa mwenzangu wa kazi yuko nyumbani na malaria. Mabega yanauma.

Wakati wa chai ya jioni mume wangu, Baba Chelimo, amesema anataka tangi la samaki. Hataki chupa ya kuweka dirishani. Anataka tangi la kioo la futi sita, lenye mimea inayoota chini ya maji na samaki wa aina mbalimbali wanaokaa pamoja bila kugombana, kama lile alilolitunza miaka tisa katika hoteli moja ya Kisumu kabla hatujaoana. Nilidhani anatania. Nikamuuliza litakaa wapi hapa sebuleni.

"Toa kabati la vyombo," akasema.

"Na vyombo?"

"Vyombo nimeshaviona."

Mwaka wa pili sasa presha ya macho inamla. Pembeni haoni kitu. Anaona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye mrija wa soda, na mrija wenyewe unazidi kuwa mwembamba. Aliacha ufundi wa trekta Agosti iliyopita alipokosa kuona nati iliyokuwa mkononi mwake. Anataka alione tangi likiwa na samaki kabla mrija haujaziba. Hakusema hivyo kwa mdomo, ila nimeishi naye miaka kumi na sita.

Jumamosi, 9 Aprili
Jua hadi saa saba, kisha mvua ya mawe. Nimekwenda kwa Gichuki, fundi wa vioo hapa mjini Kitale. Nimempa vipimo: urefu futi sita, kimo futi mbili, upana futi moja na nusu, kioo kinene. Akaniambia, "Mama Chelimo, mimi nimeweka madirisha ya kanisa zima. Maji ni nini?"

Jumapili, 17 Aprili
Mvua usiku kucha. Tangi limeletwa jana na watu wanne, likawekwa juu ya matofali ya simiti na mbao nene, na blanketi kuukuu chini yake. Leo baada ya ibada tumelitia maji kiasi cha robo ili kulijaribu. Kufikia saa tisa sakafu ilikuwa imelowa. Gichuki alikuja na viatu vya kanisani, akapitisha kidole kwenye kona, akakitazama.

"Hii si kuvuja, bana. Kioo kinatoa jasho."

Baba Chelimo, ambaye hakuwa ameona chochote, alicheka mpaka akakohoa. "Basi lete taulo ulipanguse."

Amelirudisha karakana kuliziba upya. Gundi inataka wiki nzima ya ukavu, nao huu si msimu wa ukavu.

Alhamisi, 28 Aprili
Nimeosha changarawe baada ya kazi, karai kwa karai. Baba Chelimo anataka maji yatoke meupe kabisa. Yametoka meupe mara ya kumi na moja. Viganja vimekatika.

Jumamosi, 30 Aprili
Mawingu, bila mvua. Tangi limerudi na halivuji. Nimepanda gari la maziwa hadi Bungoma kumtafuta Nasambu, mwanamke anayefuga samaki wa mapambo katika mabeseni na matangi nyuma ya nyumba yake. Baba Chelimo alimfahamu tangu Kisumu. Ni mnene, mcheshi, mikono yake imekunjamana kwa maji.

"Ati Kimeli bado anataka samaki? Si nilisikia macho yamekwenda?"

"Hayajakwenda yote."

Akanichagulia miche ishirini ya mimea: mirefu kama utepe ya kuwekwa nyuma, ya majani mapana ya katikati, na mingine kama nywele ya kufunga kwenye mawe. Akanipa pia sponji chafu, jeusi, kutoka kwenye mashine inayochuja maji yake. Nilitaka kulisuuza. Akanishika mkono.

"Wewe, ukiosha hiyo nitakunyang'anya. Huo uchafu ndio dawa."

Nimefika nyumbani saa moja na nusu, sponji mapajani likinukia ziwa.

Jumapili, 1 Mei
Nimepanda mimea yote na kutia sponji la Nasambu kwenye mashine yetu ya kuchuja maji. Baba Chelimo alikaa kwenye kiti akinielekeza, mimi mikono ndani ya maji hadi kwapani. Usizike shingo ya mche. Usiweke mirefu mbele. Maji ya bomba lazima yakae siku mbili kwenye pipa ili dawa ya klorini itoke. Kipasha maji kiwe digrii ishirini na tano, maana baridi ya Kitale huua samaki wa joto. Taa iwake muda wa saa kumi kwa siku. Nimeyaandika yote nyuma ya daftari la kituoni.

Nikamuuliza, "Samaki nichukue Jumamosi hii?"

Akasema, "Bado. Maji yapevuke kwanza."

Alinieleza kama mwalimu. Mkojo na mavi ya samaki ni sumu. Kuna viumbe wadogo wasioonekana wanaokula sumu hiyo, ndio waliomo kwenye sponji la Nasambu, lakini wanataka wiki sita kuzaana na kuenea kwenye changarawe. Mpaka wakati huo nitie chembe za chakula cha samaki kila asubuhi, zioze, ili viumbe wapate cha kula.

"Nilishe maji?"

"Ulishe maji."

Jumanne, 3 Mei. Nimelisha maji.

Jumatano, 4 Mei. Mvua. Nimelisha maji.

Jumamosi, 7 Mei. Nimelisha maji. Digrii ishirini na nne na nusu.

Alhamisi, 12 Mei
Ukungu asubuhi. Tumekwenda hospitali ya macho. Daktari amempima Baba Chelimo kwa muda mrefu, kisha akanigeukia mimi kana kwamba mwenyewe hayupo. Kilichokwenda hakirudi. Operesheni inaweza kushikilia kilichobaki, na kuna uwezekano kwamba hata hicho kidogo kisibaki. Tumepewa tarehe: Jumatano, 29 Juni.

Katika gari nilianza kuhesabu. Ni wiki saba. Wiki sita za maji ukihesabu tangu tulipopanda zinaishia tarehe kumi na moja Juni. Nimezihesabu mara mbili kwa vidole chini ya leso.

Tulipofika nyumbani nikamwambia twende kwa Nasambu wiki hii, samaki watazoea. Akakataa. Nikamwambia, "Unapoteza siku ambazo huna."

"Nikiwatia sasa nitawaona wakifa," akasema. "Hicho sitaki kiwe ndicho nilichoona."

Nimemkasirikia siku nzima. Ni mtu anayeweza kukaa akingoja. Mimi siwezi.

Ijumaa, 20 Mei
Mama mkwe wangu, Jerop, ameshuka kutoka Kapsokwony na mfuko wa viazi, kuku wawili, na fimbo. Amesikia habari ya operesheni na anasema hataondoka mpaka mtoto wake arudi. Atalala chumba cha Chelimo, aliye shule ya bweni. Ana miaka sabini na mbili, analima ekari mbili mlimani kwa mkono wake, na hajawahi kunipenda sana. Alitaka Kimeli aoe kwao. Aliposikia jina langu, Waithera, siku ya kwanza, aliuliza kama hakukuwa na lingine.

Alisimama mbele ya tangi bila kuvua koti.

"Hii samaki inaliwa lini?"

"Hailiwi, Mama. Ni ya kuangalia."

"Kama televisheni?"

"Kama televisheni."

Akainama. "Na ndani hakuna samaki."

"Bado, Mama."

"Sasa mnaangalia nini?"

Jumatatu, 23 Mei
Nimelisha maji. Mama alinitazama kutoka mlangoni na kikombe chake cha chai. Nikamsikia akimwambia jirani nje, kwa Kiswahili ili nami nisikie: "Huyu anapatia maji chakula. Mimi nikiomba chumvi ananiambia iko karibu kwisha."

Jumapili, 29 Mei
Stima imepotea saa tatu asubuhi, imerudi saa kumi na moja. Mashine imesimama. Viumbe wa kwenye sponji wanahitaji hewa, kwa hiyo kila robo saa nimechota maji kwa kikombe na kuyamwaga kutoka juu. Sikwenda kanisani. Saa nane mkono ulikufa ganzi. Mama akanipokonya kikombe, akaendelea hadi stima iliporudi. Sikujua kama nimshukuru. Nilimkaangia yai.

Jumamosi, 4 Juni
Mvua kubwa. Majani ya zamani ya mimea yanageuka manjano na kuyeyuka. Baba Chelimo anasema ni kawaida, mche unapobadilishiwa maji hutupa majani yake. Mama amesema ni njaa. "Changarawe ni mawe. Nani anapanda kwa mawe?" Wamebishana kwa lugha yao na kucheka. Mimi nimelala kitini kiatu kimoja mguuni.

Jumamosi, 11 Juni
Asubuhi safi, mlima wote umeonekana. Maji yamepevuka. Nimeleta samaki kumi kutoka Bungoma katika mifuko ya plastiki iliyofungwa kwa hewa, ndani ya karai, nikiwa nimewafunika kwa sweta langu. Pale Kamukuywa dereva alisimama kununua ndizi na watu wakaja dirishani kuangalia. Mzee mmoja akauliza mbona sijanunua wakubwa.

Mifuko imeelea juu ya maji kwa nusu saa ili joto lilingane, kisha nikawaachilia mmoja mmoja. Gapi wenye mikia ya rangi, moli weusi, na kambare wadogo wenye sharubu. Baba Chelimo alikaa paji la uso likigusa kioo.

"Gapi hukaa juu, moli katikati, kambare chini. Kila mtu na ghorofa yake. Hakuna kugombana."

"Unawaona?"

"Nawaona."

Mama aliimba wimbo mfupi nisioujua. Nilikwenda jikoni nikalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha, kisha nikachambua maharage.

Jumamosi, 18 Juni
Nimeleta wengine wanane. Jumla kumi na wanane. Digrii ishirini na tano kamili. Hakuna aliyekufa.

Jumanne, 21 Juni
Asubuhi jua kali, alasiri mawingu. Naandika kwa sababu nisipoandika sitalala.

Nimetoka kazini saa nane. Nilipofungua mlango Baba Chelimo alikuwa amesimama katikati ya sebule, amemshika mama yake mkono.

"Mama Chelimo, njoo upesi. Sioni. Niambie wako wapi."

Samaki wote walikuwa juu, midomo nje ya maji, wakihema. Wawili walikuwa wamelala ubavu. Midomo yao ilitoa mlio mdogo, kama manyunyu juu ya jani la mgomba.

Alikuwa amekaa mbele yao asubuhi nzima bila kujua. Aliusikia mlio huo, akamuuliza mama yake samaki wakoje. Mama akamjibu kwa furaha kwamba wamekuja juu wote kumsalimia. Hapo ndipo alipojua.

"Mama, umewapa nini?" akamuuliza.

"Sijapa samaki kitu. Nimepa mimea."

Alikuwa ametoa kopo la mbolea ya DAP iliyobaki tulipopanda mahindi. Amekunja mkono wa sweta, akapima kisoda kimoja kwa kila mche kama tunavyofanya sote shambani, akakichomeka chini ya changarawe kwenye mizizi. Miche ishirini, visoda ishirini. Hakumwaga hata chembe. Kisoda kilikuwa bado mezani, kimeoshwa, kimegeuzwa kikauke.

Baba Chelimo akasema kwa sauti ya chini kwamba mbolea hiyo ndani ya maji hugeuka sumu ileile ya mkojo, na viumbe wetu hawawezi kuila yote kwa mwezi, sembuse kwa saa nne.

Nikamwambia mama mkwe wangu, "Ilikuwa imebaki siku nane. Umemnyang'anya kitu cha mwisho."

Maneno haya nimeyaandika kama nilivyoyasema. Mume wangu aligeuza uso. Mama alichukua ndoo.

Tumenyonya maji kwa mpira, mimi kwa mdomo, mara nne nimeyameza. Nimewatoa waliokuwa hai nikawatia kwenye beseni lenye maji ya pipani, nikasogeza kipasha maji na mashine huko. Kisha tukatoa changarawe yote, karai kwa karai, tukaipeleka nje. Maji ya mapipa mawili hayakutosha. Saa kumi na mbili mvua ikaanza, na Mama akatoka nje na kila sufuria ya nyumba hii, akazipanga chini ya paa. Alisimama mvuani akizibadilisha zilipojaa. Nilimwona kupitia dirishani, mzee yule, leso imemshika kichwani, akikimbia na sufuria ya ugali.

Wamekufa kumi na watatu. Wamebaki watano.

Jumatano, 22 Juni
Mvua. Nimepima maziwa, sikumbuki mangapi. Nyumbani nimeosha changarawe. Mara ya kwanza hadi ya nne. Mama ameosha ya tano hadi ya kumi na moja. Hatujazungumza.

Alhamisi, 23 Juni
Nimekuta mfuko wake umefungwa, uko karibu na mlango. Hajala tangu juzi. Nilikaa naye kwenye benchi la nyuma. Sikujua pa kuanzia, nikamuuliza huko Kapsokwony mahindi yamefika wapi.

"Yamefika kiuno," akasema. Kisha akaongeza, "Kwetu, ukiona mmea wa mtu umekuwa manjano, na unapita tu, wewe una roho mbaya. Nikaona ni mmea ya mtoto wangu."

"Nilikukosea, Mama."

"Ulisema kweli. Siku nane si nyingi."

"Kaa. Mimi sina nguvu ya kubeba maji peke yangu. Nimechoka."

Alinitazama kama mtu anayekagua ng'ombe sokoni. "Hata mimi naona," akasema. "Tangu nifike naona." Akaingia ndani akaufungua mfuko.

Miaka kumi na sita nilidhani ananitazama akitafuta kosa. Sasa sina hakika alikuwa akitafuta nini.

Ijumaa, 24 Juni
Tumerudisha changarawe na mimea. Sponji liko hai, Baba Chelimo amelinusa na kusema linanukia udongo, ni zuri. Maji nusu ya bomba nusu ya mvua.

Jumamosi, 25 Juni
Samaki watano wamerudi tangini: gapi watatu, moli mmoja, kambare mmoja. Nilitaka kwenda kwa Nasambu kuongeza. Baba Chelimo akakataa, maji hayataweza. Safari hii sikubishana.

Jumatatu, 27 Juni
Mawingu. Samaki wamejificha. Mimea ina majani mapya, ya kijani kibichi kabisa. Nilimwambia Baba Chelimo. Akasema, "Mama hakukosea. Ilikuwa na njaa." Akacheka, lakini si sana.

Jumanne, 28 Juni
Asubuhi ukungu, mchana jua dogo, jioni shwari. Kesho tunaondoka alfajiri. Nimepiga pasi shati la Baba Chelimo, nimeweka kadi ya hospitali na masweta mawili. Mama atabaki na tangi. Nimemwandikia maagizo, kisha nikakumbuka hasomi, nikamsomea mara tatu akarudia. Chembe tano asubuhi. Hakuna kingine.

Saa kumi na mbili nikawasha taa ya tangi. Tulikaa watatu, mume wangu katikati. Futi sita za maji na samaki watano. Aligeuza kichwa polepole kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyofanya sasa anapotafuta kitu.

"Wamependeza," akasema. "Gapi wale pale juu, karibu na taa."

Juu karibu na taa hapakuwa na kitu. Gapi walikuwa chini kabisa, nyuma ya jani pana, upande wa kushoto. Hawajapona mshtuko wa wiki iliyopita, bado wanaogopa. Nikaelewa alikuwa akisema mahali wanapopaswa kuwa. Nikaelewa pia kwamba huenda hata ile Jumamosi ya kwanza alikuwa akisema hivyohivyo, na mimi nikaenda jikoni kulia.

"Ndiyo," nikasema. "Wako juu."

"Hawako juu," Mama akasema. "Wako chini, kwa hiyo jani kubwa. Kushoto. Kwa nini mnadanganyana?"

Nilidhani mume wangu ataumia. Alishusha pumzi ndefu, mabega yakamshuka, akaweka mkono juu ya goti langu.

"Nilijua nimekosea," akasema. "Nilikuwa nangoja kuona nani ataniambia."

"Mimi nimekwambia," Mama akasema. "Sogeza kichwa. Bado. Bado. Hapo. Sasa usitikisike."

Akasogea hadi pua ikagusa kioo. Mama akawa anamsimulia: mmoja ametoa kichwa, amerudi, huyo mweusi anapita nyuma, amesimama, anafikiri. Mimi nilishika tochi kwenye kona, mwanga ukipita kwenye jani, bila kuutikisa. Mkono ulianza kuuma, nikaubadilisha. Haikuwa kama tulivyopanga mwezi wa nne. Maji mengi hayo, na yeye anaweza kuona sehemu yenye ukubwa wa kisoda tu, na samaki hawakai mahali pamoja.

Muda mrefu ulipita. Mama alinyamaza. Gapi mmoja, mwenye mkia wa rangi ya chungwa uliochanika, alitoka polepole nyuma ya jani, akaja mpaka kwenye kioo, akasimama mbele ya jicho lake la kushoto. Mume wangu hakusema anamwona. Nilitazama uso wake nikaona jicho linamfuata, kidogo kushoto, kidogo juu, kisha linampoteza.

"Mkia wake umechanika," akasema.

"Umechanika," nikasema, na safari hii ilikuwa kweli.

Akabaki palepale, akingoja kama gapi atarudi. Mama amekaa naye, anamwambia walipo. Mimi nimeambiwa niende nikalale, na kwa mara ya kwanza nimetii. Kutoka huku chumbani nawasikia: kushoto, chini, bado, hapo. Sasa ni saa mbili na dakika kumi na tano usiku. Nalala.